Si Kila Tumbo la Mwanza ni Vidonda

"Nipe dawa ya vidonda." Kauli hiyo husikika kila siku kwenye maduka ya dawa, kuanzia Kirumba hadi Igoma. Muuzaji anakata vidonge kadhaa vya omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, kiungulia kinatulia siku mbili tatu, kisha kinarudi. Wengi wa wateja hao hawana kidonda chochote. Mara nyingi kinachowasumbua ni uvimbe sugu wa utando wa ndani wa tumbo, ambao unaweza kudumu miaka mingi bila kidonda kutokea.

Chanzo kikuu ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Mara nyingi mtu humpata utotoni, nyumbani, na asipotibiwa humkalia tumboni maisha yake yote. Haungui na asidi kwa sababu ana kimeng'enya kinachogeuza urea kuwa amonia, nayo amonia hupoza ukali wa asidi iliyomzunguka. Zamani madaktari walilaumu mawazo na vyakula vikali, mpaka Barry Marshall wa Australia alipowanywa bakteria hao mwaka 1984, na utando wa tumbo lake ukavimba ndani ya siku chache. Yeye na mwenzake Robin Warren walitunukiwa Nobeli mwaka 2005. Ajabu ni kwamba hadi leo mgonjwa anaambiwa aache maharage, kisha basi! Maharage yatakujaza gesi, lakini bakteria hayaleti.

Chanzo cha pili ni dawa za maumivu. Mbeba mizigo wa soko la Mwaloni anayemeza diklofenaki kila jioni kwa ajili ya mgongo anauondolea utando huo kinga yake, na omeprazoli ya kubahatisha haiondoi chanzo ikiwa diklofenaki inaendelea.

Bakteria akithibitishwa, matibabu yaliyozoeleka ni omeprazoli na antibayotiki mbili, kwa kawaida amoksilini na klarithromaisini, kwa siku 14. Hapa ndipo tunapoharibu. Mtu akipata nafuu siku ya tano anaacha, vidonge vilivyobaki anampa shemeji. Utafiti uliofanyika wilayani Nyamagana na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta usugu mkubwa dhidi ya klarithromaisini. Kwa hiyo kununua tena dawa zile zile zilizoshindwa ni kutupa fedha. Daktari abadilishe mchanganyiko. Baada ya kumaliza dozi, subiri angalau wiki nne, acha omeprazoli wiki mbili kabla, ndipo upime choo. Kipimo cha damu hakifai kuthibitisha kupona, maana kinaweza kuendelea kuonyesha maambukizi hata bakteria akishakwisha.

Lipo jambo la kwetu watu wa ziwani. Madaktari wa hospitali ya Bugando walichapisha mwaka 2012 taarifa za wagonjwa 240 waliovuja damu tumboni. Chanzo kilichoongoza kilikuwa mishipa iliyotuna kwenye koo la chakula, kisha ndiyo vikafuata vidonda. Mishipa hiyo hutuna presha ya damu inayopita kwenye ini ikipanda, na ukanda huu kichocho cha tumbo, kinachopatikana kwenye maji ya ziwa, ni kisababishi kikubwa cha hali hiyo. Omeprazoli haitibu kichocho.

Ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, usipitie duka la dawa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na umwambie daktari kama umewahi kuvua, kuoga au kuchota maji ziwani.