Tonado ndogo na mlango wa gereji

Jioni ya tarehe 16 Septemba 2010, muda ule watu wanatoka kazini, dhoruba ilipita juu ya jiji la New York na kwa dakika chache ikaangusha miti kwa maelfu. Wachunguzi wa Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani walipokagua mitaa baadaye, walikuta alama za pepo tatu tofauti. Tonado moja ilikuwa imepita Brooklyn ikiwa na upepo wa takriban kilomita 130 kwa saa, na nyingine Queens ikiwa na upepo wa kilomita 160. Upepo wa tatu haukuzunguka hata kidogo. Ulishuka kwa kishindo kutoka winguni, ukagonga ardhi na kutawanyika, ukafikia kilomita 200 kwa saa. Mwanamke mmoja alifariki ndani ya gari lililoangukiwa na mti kwenye barabara ya Grand Central Parkway.

Tonado ya Brooklyn ilipewa daraja EF0, ya Queens EF1. Hayo ndiyo madaraja mawili ya chini katika kipimo kinachoishia EF5, na zaidi ya tonado nane katika kila kumi zinazoipiga Marekani huangukia humo. Msomaji wa pwani aliyeshuhudia kimbunga Hidaya mwaka 2024 asichanganye mambo. Kimbunga cha baharini kina upana wa mamia ya kilomita na hufuatiliwa kwa siku kadhaa kabla hakijatua. Tonado ni nguzo ya upepo unaozunguka, kutoka wingu la radi hadi ardhini. Ikiwa ndogo, mara nyingi upana wake ni makumi machache tu ya mita, na huweza kuisha kabla watu hawajamaliza kuulizana kuna nini. Ndiyo sababu nyumba moja huezuliwa na ya jirani ikabaki na maua yake dirishani.

Aliyeanzisha kipimo hicho mwaka 1971 ni Tetsuya Fujita, Mjapani aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1945 alikuwa amekagua uharibifu wa bomu la Nagasaki, akaona jinsi miti ilivyolala ikielekea pande zote kutoka sehemu moja. Miaka thelathini baadaye aliona mchoro uleule misituni baada ya dhoruba za radi, akatambua kwamba kuna upepo unaoporomoka kutoka winguni na kusambaa ukishafika chini. Mpaka leo wakaguzi husoma miti kwa namna hiyo: ikiwa imelala kwa kutawanyika, ni upepo wa kushuka, ikiwa imelala kuelekea mstari mmoja wa katikati, tonado imepita hapo.

Kipimo cha Fujita kilifanyiwa marekebisho makubwa, na toleo jipya lilianza kutumika Marekani Februari 2007, lakini msingi haukubadilika: daraja hutolewa kwa kuangalia kilichovunjika. Mkaguzi hutazama paa, ukuta na shina la mti, kisha anakadiria kasi iliyoweza kuvivunja. Kwa hiyo tonado ikipita mashambani pasipo na cha kuvunja, daraja lake hubaki chini hata kama ilikuwa na nguvu za kutisha. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na El Reno, Oklahoma, rada zilizobebwa na magari zilipima upepo wa zaidi ya kilomita 450 kwa saa ndani ya tonado yenye upana wa kilomita 4 na ushei. Daraja rasmi likawa EF3. Kwa sababu hiyo sipendi kusikia mtangazaji akisema "ilikuwa EF1 tu". Namba hiyo hupatikana baada ya ukaguzi. Aliyejificha bafuni wakati king'ora kinalia hakuwa nayo.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Msukumo wa upepo haukui sambamba na kasi yake: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Kwa kilomita 80 kwa saa, kila mita ya mraba ya ukuta hubeba karibu kilo 30. Kwa kilomita 160, ambayo bado ni EF1, hubeba kilo 120. Mlango mpana wa gereji ya nyumbani, wa kupitisha magari mawili, una mita za mraba kama kumi. Yaani zaidi ya tani moja inausukuma mlango uliotengenezwa kwa bati jembamba na vijigurudumu.

Mlango huo ndio mara nyingi huanza kushindwa. Ukishapinda na kutoka kwenye reli, upepo huingia ndani na kulisukuma paa kutoka chini, wakati upepo wa juu nao unalivuta kama bawa la ndege. Hapo swali linabaki moja: kenchi zimefungwaje ukutani? Katika nyumba nyingi za zamani za Marekani zimeshikwa kwa misumari michache iliyopigwa kwa mshazari, na msumari wa namna hiyo hubeba uzito wa paa vizuri lakini huchomoka paa linapovutwa juu. Paa likiondoka, kuta za mbao hazina tena kinachozishikanisha kwa juu. Fundi yeyote wa Mwanza au Kisumu aliyewahi kuitwa kurudisha mabati baada ya upepo wa mvua anaijua hadithi hii, bila tonado yoyote. Ushauri wa zamani wa kufungua madirisha ili nyumba "ipumue" una hatari ileile: unaualika upepo ndani.

Walio katika hatari kubwa kupita wote ni wakazi wa nyumba za kuhamishika, zile zinazoletwa kwa lori na kuwekwa juu ya matofali. Upepo wa EF1 unatosha kuibiringisha nyumba ya aina hiyo isiyofungwa ardhini, hata kabla kuta zake hazijaachana. Kwa mkazi wake, kujificha bafuni hakusaidii. Inabidi aondoke mapema kwenda kwenye jengo lenye msingi. Miti nayo haihitaji upepo wa madaraja ya juu. Matawi makubwa huanza kukatika kwenye kilomita 120 hivi kwa saa, na mti mzima huweza kung'oka karibu na 145.

Mji wa Moore, Oklahoma, ulipigwa na tonado ya EF5 tarehe 20 Mei 2013, watu 24 wakafa. Mwaka uliofuata mji ukapitisha kanuni mpya za ujenzi: vibati vya chuma vya kufunga kenchi kwenye ukuta, milango ya gereji iliyoimarishwa, na nyumba nzima kubuniwa kuhimili kilomita 217 kwa saa. Hicho ni kikomo cha juu cha EF2. Wapo walioshangaa kwamba mji uliovunjwa na EF5 unajiandaa kwa EF2, ila mimi naona walipiga hesabu sawasawa. Hata tonado kubwa kabisa huwa na upepo wa daraja la juu kwenye ukanda mwembamba tu wa njia yake, na nyumba nyingi zinazoguswa ziko pembezoni, penye upepo wa EF0 hadi EF2. Huko pembezoni vibati hivyo vinaweza kuokoa paa, na paa lililobaki mahali pake halirushi mbao kwenye dirisha la jirani.