Kamera Mpya, Picha Zenye Madoa

Septemba 2012 Nikon iliingiza sokoni kamera ya D600, yenye sensa kubwa na megapikseli 24.3, kwa bei iliyowatoa udenda wapiga picha wengi. Malalamiko hayakukawia. Kwenye picha za anga, kona ya juu kushoto, palitokea vidoa vyeusi. Wenye kamera walisafisha sensa, wakaendelea kupiga picha, vidoa vikarudi.

Februari 2013 kampuni ilishauri vumbi lipulizwe kwa kipulizo cha mkono, na likigoma, kamera ipelekwe kwa mafundi wake. Oktoba mwaka huohuo ikatoa D610, karibu pacha wa D600, isipokuwa ilikuwa na shata mpya. Mwenye macho hakuambiwa tazama. Mwaka 2014 Nikon ilikubali kusafisha D600 na kubadilisha shata bila malipo, hata kwa waliokwishamaliza muda wa waranti.

Kasoro hii hujificha kirahisi. Tundu la lenzi likiwa wazi, tuseme f/2.8, mwanga huifikia sensa kutoka pembe nyingi na kivuli cha chembe ya vumbi hutawanyika. Likibanwa hadi f/16, kivuli hujichora waziwazi. Mpiga picha za harusi, ambaye kumbi zenye mwanga hafifu humlazimu kufungua tundu kila mara, anaweza kufanya kazi mwaka mzima bila kujua lolote, waranti nayo ikaisha.

Ndiyo maana kamera mpya hupimwa siku ileile. Tundu libanwe hadi f/16 au f/22, ukuta mweupe upigwe picha lenzi ikiwa haijafokasi, kisha picha ikuzwe na kukaguliwa kona hadi kona. Halafu mfuniko wa lenzi urudishwe na ipigwe picha ya sekunde 30. Nukta chache nyekundu au za buluu hapo si ajabu, kwa kuwa sensa hupata joto. Zikionekana hata kwenye picha za kawaida za mchana, muuzaji ana la kujibu.

Lakini asivamiwe kabla programu ya ndani ya kamera haijaangaliwa. Mwishoni mwa 2008, Canon 5D Mark II ilikuwa ikiweka nukta nyeusi kando ya taa kwenye picha za usiku. Toleo jipya la programu, Januari 2009, likaimaliza shida hiyo bila bisibisi kuguswa.

Kasoro nyingine husubiri hali ya hewa. Mwaka 2005 ilibainika kuwa sensa kadhaa zilizotengenezwa na Sony na kutumiwa na kampuni nyingi zilikuwa zikikatika viunganishi vya ndani, hasa penye joto na unyevu. Mnunuzi wa Mombasa au Unguja anayevutiwa na kamera ndogo za miaka ile, ambazo sasa zimerudi kuwa fasheni, alijue hilo.

Waranti nayo ina mipaka yake. Kamera iliyopitia Dubai hadi Kariakoo huenda ikawa na waranti isiyotambulika nje ya nchi ilikouzwa kwanza. Swali hilo huulizwa kabla ya kulipa. Ushahidi uwe risiti na faili halisi kutoka kwenye kadi, kwa sababu picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na taarifa za tarehe na mipangilio ya kamera hupotea.