Mwandishi Mmoja wa Kwenda Naye Kisiwani

Wiki mbili kabla ya binti wa nyumba yetu kusafiri kwenda Malaysia kwa masomo ya miaka minne, mamake aliweka mizani katikati ya sebule. Tikiti ilikuwa imeruhusu kilo 30, wala haikuzidi. Baada ya nguo, viatu, bizari ya pilau, achari ya ndimu na kila kile ambacho jamaa huamini kuwa hakipatikani ughaibuni, zikasalia kilo tatu. Mamake akatoa hukumu: kilo hizo ni za vitabu, lakini si vya waandishi kumi. Achague mwandishi mmoja, amchukue mzima, yaani kila alichokitunga kadiri kitakavyoenea.

Hivyo ndivyo ulivyotuingilia nyumbani mchezo ambao wenzetu wa Uingereza wameucheza redioni tangu mwaka 1942, katika kipindi cha BBC kinachomtupa mgeni wake kwenye kisiwa kitupu. Mgeni huchagua nyimbo nane na kitabu kimoja. Shakespeare wote na Biblia, au kitabu kingine cha dini yake, hupewa bila kuomba. Sisi nasi tuliafikiana kwanza juu ya jambo hilo. Msahafu hauingii katika shindano. Maneno ya Mola si utungo wa mtunzi hata yakapimwa na tungo za watu, na msahafu mdogo wa binti ulikuwa umeshatiwa katika mkoba wa mkononi, mahali ambapo mizani haifiki.

Ami yake alitaka kuuvunja mchezo kabla haujaanza. Akatukumbusha Hayy bin Yaqdhan, yule mtoto wa hadithi ya Ibn Tufayl, mwanachuoni wa Andalusia aliyefariki mwaka 1185. Hayy alikulia kisiwani peke yake, akanyonyeshwa na paa, asione kitabu wala kusikia neno la mtu, na kwa kutazama na kufikiri tu akaufikia ujuzi wa kuwa yuko Muumba. "Basi kitabu cha nini?" akauliza. Bibi, aliyekuwa akichambua mchele, hakuinua hata kichwa: "Huyo alilelewa na paa, mwanangu. Huyu nimemlea mimi. Hajazoea kunyamaa."

Chaguo la Bibi lilikuwa Muyaka bin Haji, na hakuona haja ya kulitetea. Mtu wa Mombasa anayekwenda mbali, amchukue nani tena? Muyaka aliishi mji huu tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi karibu na mwaka 1840, akaona vita vya Mazrui na Seyyid Said, akatunga juu ya vita hivyo, na juu ya njaa, mapenzi, ugomvi wa mke na mume na marafiki wanaogeuka. Tungo zake zilikaa vifuani mwa watu miaka mingi. Lau si Mwalimu Sikujua bin Abdalla kuzikusanya na kuzieleza, na mmishonari William Taylor kuzihifadhi kwa maandishi, nyingi zingezikwa na waliozihifadhi kwa moyo. Diwani yake ilitoka kwa chapa mwaka 1940, nayo ikachapishwa Johannesburg, mbali mno na Mji wa Kale. Pingamizi yetu kwa Bibi ilikuwa moja. Muyaka anahitaji mzee kando yake. Nusu ya utamu wake ni katika kuambiwa neno hili lilimlenga nani na lile lilijibu shairi gani, na kijana aliye peke yake chumbani Kuala Lumpur atamwuliza nani?

Mamake alimtaja Mwana Kupona. Utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, hali akiwa mgonjwa, hauna uzito wowote kwenye mizani, na umekuwa mkononi mwa wanawake wa pwani kwa zaidi ya miaka 160. Binti alimsikiliza mamake kwa adabu yote, kisha akasema, "Mama, sehemu kubwa ya utendi huu ni jinsi ya kukaa na mume. Nami nakwenda kusomea uhandisi." Mamake akamjibu kwamba kabla ya mume mna dini, na ulimi, na namna ya kuketi na watu, na hayo hata wahandisi wanayahitaji. Wote wawili walisema kweli. Utendi ukaandikwa kwa mkono katika daftari jipya, ukaingia mkobani bila kuhesabiwa.

Yeye mwenyewe alimtaka Abdulrazak Gurnah. Hoja yake ilikuwa nzito kuliko tulivyotarajia. Gurnah, mzaliwa wa Unguja mwaka 1948 aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, aliondoka kwao akiwa kijana, na riwaya zake, ambazo sasa zimepita 10, hazichoki kuuliza mtu huwa nani anapoiacha pwani hii. "Yeye ameshakwenda ninakokwenda," akasema binti. Tulinyamaa kidogo. Lakini Gurnah huandika kwa Kiingereza. *Paradise* ilipata tafsiri, *Peponi*, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis, ila kilo tatu za Gurnah zingekuwa takriban zote za lugha ambayo mtoto huyu ataisikia na kuisoma darasani kutwa nzima. Tulikhofu arudi na shahada huku ulimi umemganda.

Kakake alimwingiza Abdilatif Abdalla, naye ndiye pekee katika orodha yetu ambaye kisiwa kwake hakikuwa mchezo. Alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya karatasi iliyouliza Kenya inakwenda wapi, akatengwa na wafungwa wenziwe, akatunga juu ya karatasi za chooni. Tungo hizo ndizo *Sauti ya Dhiki*, iliyochapishwa mwaka 1973. Tunakipenda kitabu hicho mno. Hata hivyo kila ukurasa wake una ukuta, na hatukutaka mtoto anayekwenda kutafuta elimu aamke kila siku na ukuta huo.

Chaguo letu tuliolisalia likawa Shaaban Robert.

Tukiri kwanza aibu yake. Watu wake hubeba tabia zao katika majina, na msomaji akishaambiwa kuwa huyu ni Majivuno na yule ni Utubora, hana la kushangaa tena. Ziko kurasa ambazo mawaidha yamekaa juu ya hadithi kama gunia juu ya punda. Mtu akizisoma mara ya tatu kisiwani huenda akazitupa majini. Lakini tumetafuta katika Kiswahili mwandishi mwingine aliyeacha nyumba yenye vyumba vingi hivi, tusimwone. Ana tenzi na mashairi, insha, hadithi, wasifu wa Siti binti Saad, na hata rubai za Omar Khayyam alizozitia katika Kiswahili. Alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akafariki 1962 akiwa na miaka 53, na sehemu kubwa ya umri wake aliipitisha katika kazi ya ukarani, kwanza forodhani. Wengi wakiliona jina Robert hudhani hakuwa Muislamu, na ndivyo alivyokuwa, Muislamu.

*Kusadikika*, kilichochapishwa mwaka 1951, miaka 10 kabla ya uhuru wa Tanganyika, mtoto hukisoma kama ngano ya nchi inayoelea angani. Mtu mzima hukisoma akasikia baraza lilivyo kimya wakati Karama, aliyeshitakiwa kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria, anapojitetea kwa visa vya wajumbe sita waliotumwa na nchi yao na kulipwa mateso. Kisha kuna *Maisha Yangu*. Hapa hakuna majina ya kubuni. Hapa mume anamlilia Amina wake aliyekufa, na baba anawatungia watoto wake, *Hati* kwa binti na *Adili* kwa mwana, asije akaondoka duniani hajawaambia. Mamake aliposikia hayo aliacha kumtetea Mwana Kupona, maana yule baba wa Tanga alikuwa amefanya lile lile alilofanya mama wa Siyu karibu miaka 100 kabla yake.

Hukumu ikapita. Tukaenda kabatini kuvitoa vitabu, na hapo ndipo tulipotahayari. Katika nyumba iliyobishana siku nne juu ya mwandishi huyu, vitabu vyake vilikuwa vinne. *Kusadikika* kilikuwa na jalada jipya la gundi, *Adili na Nduguze* kilikosa kurasa za mwisho, *Utubora Mkulima* kilikuwa na jina la shule ambayo hatukusoma hata mmoja wetu. *Maisha Yangu* peke yake ndicho kilichokuwa kizima. Vinne vyote havikufika kilo moja. Tulizunguka kwa jamaa na kwa wauza vitabu vikuukuu, tukapata *Kufikirika* na *Siku ya Watenzi Wote*, na jirani mmoja akatuazima *Pambo la Lugha* kwa sharti tulitoe nakala na asili irudi kwake kabla ya Magharibi.

Binti ameondoka Jumatano iliyopita, akiwa na vitabu saba. Mizani ilisoma kilo moja na robo. Nafasi iliyobaki Bibi aliijaza kwa kashata, na tuna hakika kuwa kati ya kashata na karatasi alitia mashairi kadhaa ya Muyaka. Bado tunatafuta *Wasifu wa Siti binti Saad*, *Almasi za Afrika* na *Utenzi wa Vita vya Uhuru*. Msomaji aliye navyo na anayeridhia kuviuza au kuviazima, atufikie baada ya sala ya Ijumaa. Mwezi wa Disemba kuna mtu wetu anayekwenda huko, na ametuahidi kilo mbili.