Kupima Kisichoonekana: Hidrojeni ya Galaksi za Kale na Kazi ya Istilahi za Kiswahili

Ubora wa istilahi ya sayansi hujulikana kwa maelezo ambayo istilahi hiyo humwezesha mtu kuyatoa. Hiyo ndiyo hoja ya sehemu hii ya mhadhara, na mfano nilioichagulia ni mgumu kwa makusudi: namna wanafalaki wanavyopima gesi ya hidrojeni katika galaksi zilizo mbali mno, ambazo nuru yake iliondoka huko ulimwengu ukiwa bado mchanga.

Nitaujenga mfano huu nikiwa na Ufipa akilini, uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Wayeyushaji chuma wa huko walijenga matanuru marefu kupita kimo cha mtu, waliyoyaita malungu. Hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini, bila mivukuto. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, lakini inatufundisha kwamba lugha ya Kibantu hupata istilahi zake pale wasemaji wanapoijua kazi yenyewe. Tena, mwanafunzi wa Sumbawanga leo husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha huikuta kwa Kiingereza aingiapo sekondari. Ikiwa neno alilopewa halimwelezi kitu, atavuka daraja hilo akiwa na jina tupu.

Tuanze na sifa ya gesi yenyewe. Kiingereza huiita hidrojeni hii kwa neno lilelile linalotumika kwa nchi isiyoegemea upande katika vita. Mfasiri mwenye haraka ataandika "hidrojeni isiyofungamana", na msomaji atafikiri juu ya siasa. Mwingine ataandika "hidrojeni isiyo na chaji". Huyu amekaribia, lakini atomu hiyo ina protoni yenye chaji chanya na elektroni yenye chaji hasi. Chaji hizo husawazishana tu. Kinachomhusu mwanafalaki ni kwamba atomu haijapokonywa elektroni yake. Kwa hiyo napendekeza tuseme "hidrojeni nzima", kinyume cha "hidrojeni iliyopokonywa elektroni". Uzima huo ndio unaowezesha kipimo, kwa kuwa elektroni ndiyo inayomeza nuru.

Sasa kipimo chenyewe. Mtu aliyesimama ukingoni mwa Lyamba lya Mfipa asubuhi yenye ukungu, akitazama taa iliyo bondeni, anaweza kukisia unene wa ukungu kwa kadiri taa inavyofifia. Mfano huu unatufikisha nusu ya njia. Ukungu hufifiza rangi zote pamoja, ilhali hidrojeni nzima huchagua: humeza hasa nuru yenye urefu wa wimbi wa nanomita 121.6, iliyo ng'ambo ya urujuani, isiyoonekana kwa macho. Nuru ya nyota inapopita katika gesi hiyo na kutandazwa kwa rangi zake, huonekana pengo mahali hapo. Atomu zikiwa chache, pengo huwa jembamba. Zikiwa nyingi mno, pengo hutanuka pande zote mbili, na upana wake ndio unaosomwa. Tangu miaka ya 1980, wataalamu wamehesabu kuwa gesi ni nzito sana pale ambapo mstari wa kutazamia hukutana na atomu zisizopungua 2 ikifuatwa na sifuri 20 katika kila sentimita ya mraba.

Ulimwengu unapotanuka, mawimbi ya nuru hurefuka njiani. Mwaka 2024, watafiti waliotumia darubini ya anga ya James Webb walitangaza kuona mapengo ya namna hii katika galaksi tatu ambazo nuru yake ilirefuka takriban mara 10 hadi 12. Ziliishi miaka milioni 400 hadi 600 baada ya mwanzo wa ulimwengu, ambao sasa una umri wa miaka bilioni 13.8. Gesi iliyozifunika ilizidi atomu 1 ikifuatwa na sifuri 22 kwa kila sentimita ya mraba. Ilikuwa akiba ya kuundia nyota.

Njia ya pili ni kusikiliza badala ya kutazama pengo. Hidrojeni nzima hutoa wimbi la redio la sentimita 21, lililobashiriwa mwaka 1944 na kunaswa mara ya kwanza mwaka 1951. Wimbi hilo ni hafifu mno. Galaksi moja ya mbali sana haisikiki peke yake. Mwaka 2020, watafiti nchini India walijumlisha mawimbi ya galaksi 7,653 ili kupata wastani, na hata hivyo walifika kwenye nuru ya miaka bilioni 8 hivi iliyopita tu. Darubini ya SKA inayojengwa Afrika Kusini inakusudiwa kusikia mbali zaidi. Zambia, inayopakana na Rukwa, na Kenya ni miongoni mwa nchi za Afrika zinazoshirikiana katika mradi huo.

Hapa Kiswahili kinatudai uangalifu wa mwisho. Kitenzi "kupima" hubeba mengi: tunapima shamba, unga, damu, hata maneno ya mtu. Katika njia ya pengo, kinachopimwa ni upana wa giza. Idadi ya atomu zilizo mbele ya nuru inakokotolewa kutokana na upana huo. Na uzito wa gesi yote ya galaksi unakadiriwa tu, kwa sababu hatujui gesi imeenea hadi wapi. Kupima, kukokotoa, kukadiria: vitenzi hivi vitatu tunavyo, na anayeviweka kila kimoja mahali pake amekwisha kueleza sayansi hii. Mwandishi wa kitabu cha kiada akivichanganya, mwanafunzi wa Sumbawanga ataamini kwamba kuna mtu aliyeitia galaksi kwenye mizani. Akivitenganisha, mwanafunzi huyo ataweza kuuliza swali ambalo wanafalaki wenyewe bado wanaliuliza: gesi hiyo iliishia wapi?