Goma Haina Bustani, Ina Lac Vert

Murara kijani ni adimu. Mtaa huu wa komine ya Karisimbi, kama sehemu kubwa ya Goma, umekaa juu ya mawe meusi ya volkano. Kuta za parseli ni za mawe hayo, na mvua ikinyesha hata matope ni meusi. Mwenye bahati ya kuwa na mti wa avoka uani hakosi wageni mchana kutwa. Wengine huketi mlangoni, miguu ikiwa barabarani, huku moto, yaani pikipiki, zikipita na kuwatimulia vumbi. Jumapili baada ya misa, swali la pahali pa kupumzikia huwa gumu kuliko linavyopaswa kuwa katika mji uliojaaliwa ziwa na mlima.

Maana mlima upo. Nyiragongo tunaiona kila usiku mawingu yakikubali, na nyuma yake imelala Hifadhi ya Virunga, kongwe kuliko hifadhi zote za taifa barani Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kutimiza miaka 100 mwaka 2025. Kilomita za mraba zaidi ya 7,000, sokwe wa milimani, urithi wa dunia tangu 1979. Lakini si pa kupeleka watoto Jumapili. Hata siku zilizokuwa na amani, aliyepanda mlima kutoka Kibati mara nyingi alikuwa mgeni mwenye dola. Tusidanganyane: wengi wetu tunaijua Virunga kwa gunia la makaa yatokayo humo.

Ziwa nalo lipo, ila limezungushiwa kuta. Tembea kandokando ya Kivu kutoka mjini hadi Himbi uhesabu pahali mtu anapoweza kushuka majini bila kuulizwa anamtafuta nani. Hoteli, nyumba za wakubwa, hoteli tena. Kilichobaki kwa umma ni bandari na Kituku, na huko watu wako kazini: mama wanauza samaki aina ya sambaza, watoto wanachota maji kwa bidoni. Ndiyo maana kwa miaka mingi watu wa Murara waliotaka kivuli na mchanga walivuka mpaka wa Petite Barrière wakaenda kukaa ufukweni Gisenyi, Rwanda. Kwenda nchi nyingine ili upate pa kuketi! Tumezoea hata hatushangai.

Kwa hiyo mimi huenda Lac Vert. Moto inatoka Murara, inapita Katindo, Himbi na Keshero, na kabla barabara haijashika vizuri njia ya Sake unakata kushoto, kuelekea ziwani. Mtaa wenyewe unaitwa Lac-Vert, ukingoni mwa mji upande wa magharibi. Unapanda kidogo kwa miguu, halafu ghafla chini yako kuna maji yaliyojaa ndani ya mdomo wa volkano ya zamani, ya kijani kizito, yametulia hata pale Kivu, iliyo jirani tu, inapochafuka. Kingo zake ni mwinuko mkali wenye nyasi na vichaka.

Geti hakuna. Tiketi hakuna. Benchi pia hakuna, wala pipa la takataka. Siku niliyokwenda mwisho, wanafunzi wawili walikuwa wakitembea huku na huku, daftari mkononi, wakikariri somo kwa sauti. Juu zaidi kwaya ilikuwa ikirudia ubeti mmoja, kila mara ikikwama pale pale, na kiongozi wao hakuwa na haraka. Bwana harusi mmoja alikuwa akipigwa picha, suti imebana, viatu vimejaa udongo. Mama mmoja alikuwa na beseni la karanga.

Nilitaka kushuka kwenye kibonde kimoja nje ya mdomo, penye kivuli kizuri. Kijana wa pale akaniita: "Papa, hapana ikala pale chini, kuna mazuku." Akachukua kipande cha karatasi, akakiwasha, akakishusha kwa kijiti. Usawa wa magoti moto ulikuwa bado hai. Chini kidogo ukazimika, bila kufuka wala kuyumba. Majanini palikuwa na mjusi mkavu na nzige kadhaa, wote wamekufa.

Huku magharibi ya Goma kila mtu anayajua mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksaidi inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa za volkano. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Haina rangi, huwezi kuinusa ukakimbia. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama pale ambapo mbuzi wake ataanguka, na mtoto anayecheza akiwa ameinama yuko karibu na mbuzi kuliko na baba yake. Wataalamu wa Kituo cha Volkano cha Goma, walio kule Mont Goma, wameyapima kwa miaka na kuwaonya watu. Lakini kibao cha onyo hung'olewa, au watu hujenga wakakizunguka. Pale nilipotaka kuketi, kibao kilikuwa yule kijana.

Naamini, ingawa siwezi kuapa, kwamba hayo mazuku pamoja na mwinuko ndiyo yaliyotubakizia Lac Vert. Kama pangekuwa tambarare na salama, pangeshapata ukuta na jina la hoteli.

Utulivu wa hapa basi si wa kuimbiwa sana. Mei 27, 2021, siku chache baada ya Nyiragongo kulipuka, mitaa 10 kati ya 18 ya Goma iliamriwa kuhama, Murara ikiwemo. Maelfu walishika barabara hii hii kuelekea Sake, godoro kichwani. Kisha vita vikaleta wakimbizi, upande huu ukajaa mahema. Mei 3, 2024 mabomu yaliangukia kambi za Lac Vert na Mugunga, yakaua watu waliokwisha kukimbia mara kadhaa. Januari 2025 waasi wa M23 wakauteka mji, na mwezi uliofuata kambi zikavunjwa. Watu wanaokuja kupumzika hapa wanayajua hayo yote. Wengine walilala katika hayo mahema.

Pahali kama hapa panahitaji mtetezi. Mwaka 1989 mwanamazingira wa Kenya Wangari Maathai alisimama dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililopangwa kuota ndani ya Uhuru Park, Nairobi, na bustani ikabaki ya watu. Yeye angalau alikuwa na bustani ya kutetea, iliyoandikwa hivyo. Lac Vert haihitaji zege wala taa za rangi. Inahitaji mipaka iliyoandikwa kwamba ni ya umma kabla parseli hazijapanda hadi ukingoni, vibao vya mazuku visivyong'oka, na benchi chache upande wa juu, panapopita upepo.

Nilimwuliza yule mama wa karanga kama serikali imewahi kutuma mtu wa kufagia, kwa kuwa pale alipoketi palikuwa safi.

"Serikali gani, papa?" akaniuliza, akaendelea kupima karanga.