Siku saba za Rafiki

Aprili 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ilipoipiga marufuku Rafiki, wengi walidhani kisa ni wasichana wawili kubusiana. Mwongozaji wake, Wanuri Kahiu, ameeleza kwamba bodi ilikwazwa na mwisho wa filamu wenye tumaini. Iliutaka uwe na majuto, yeye akakataa. Kwa maneno mengine, Kena na Ziki wangeweza kupendana kwenye skrini, ilimradi wamalize wakijuta.

Kena, anayeigizwa na Samantha Mugatsia, hucheza kandanda na vijana wa mtaa, huzunguka na skateboard yake na kumsaidia baba dukani. Ziki, anayeigizwa na Sheila Munyiva, amesuka nywele za rangi rangi na anataka kuuona ulimwengu. Baba zao wanagombea kiti kimoja cha uwakilishi wadi. Penzi la mabinti hao linakua ndani ya gari bovu lililotelekezwa, maana kwingine kote kuna macho.

Macho hayo ndiyo uhondo wa filamu hii. Mama Atim na kibanda chake cha chakula tunamjua sote: anapokea pesa, anapakua, na habari ya mtu haimpiti. Kahiu hakuhitaji kumfanya katili. Ulimi wake unatosha, na siku umati unapowavamia wasichana wale na kuwapiga, mtazamaji hashangai, kwa sababu tangu mwanzo amekuwa akisikia wanavyosemwa. Nairobi yenyewe imepakwa waridi, zambarau na manjano, maana Kahiu amechoshwa na Afrika ya vita na njaa tu kwenye skrini. Kampeni za akina baba, kwa maoni yangu, ni nyepesi; mabango yapo, siasa haipo.

Chimbuko la Rafiki liko Uganda. Monica Arac de Nyeko aliandika hadithi fupi "Jambula Tree", iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Ni barua ya msichana kwa mwenzake aliyepelekwa London baada ya wawili hao kufumaniwa, na ambaye sasa anatarajiwa kurudi. Tumaini lililowakera wakaguzi, basi, lilikuwa tayari limo katika barua hiyo.

Na si Nairobi pekee palipotakiwa majuto. Kwa miongo mingi, mwanamke aliyempenda mwanamke katika riwaya na filamu za Marekani alikufa, akawa mwendawazimu, au akarudi kwa mume. Patricia Highsmith alipoandika riwaya isiyowaadhibu hivyo, mwaka 1952, aliichapisha kwa jina la bandia. Ilingoja hadi 2015 ndipo Todd Haynes akaitengenezea filamu, Carol. Mtu akifuatilia filamu hizi atagundua kwamba wakaguzi na wahariri huvumilia machozi kuliko tabasamu.

Rafiki ilioneshwa Cannes Mei 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kuingia kwenye orodha rasmi ya tamasha hilo, huku nyumbani ikiwa haramu. Kahiu akaenda mahakamani. Ili filamu ifikiriwe kwa Oscar ya lugha za kigeni, ilibidi ioneshwe siku saba mfululizo katika nchi yake. Septemba 21, 2018, Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku hizo saba tu, kwa watazamaji wa miaka 18 na zaidi. Tikiti Nairobi zikagombewa. Watu walijaa kumbini kwa filamu ya Kenya! Waandaaji wetu wanaolalamika kwamba Mkenya hapendi filamu za nyumbani wangefika wakaone foleni.

Baada ya yote hayo, kamati ya Kenya ilipeleka Oscar filamu nyingine, Supa Modo ya Likarion Wainaina, kuhusu mtoto mgonjwa anayetamani kuwa shujaa. Ni filamu nzuri, sina ugomvi nayo. Marufuku ikarudi siku ya nane, na Aprili 2020 Mahakama Kuu ikaikubali. Lakini mwaka 2019, kwenye tamasha la FESPACO jijini Ouagadougou, tuzo ya mwigizaji bora wa kike ilikuwa imekwenda kwa Mugatsia.