Umeme, chumvi na unyevu: Maadui watatu wa mashine kongwe za gemu Pemba

MASHINE ya gemu iliyokaa kabatini kwa miaka 20, kisha ikakataa kuwaka, si lazima iwe imekufa. Mara nyingi kilichoharibika ni kifaa cha bei ndogo kilicho pembeni yake: adapta ya umeme, waya wa pedi, au meno ya shaba yanayoipokea kaseti.

Pamoja na hayo, mashine za aina hiyo hutupwa kila siku pamoja na kaseti na pedi zake. Wengi huzitupa kwa kudhani kwamba uzee ndio uliozimaliza. Ukweli ni kwamba zipo mashine zilizotengenezwa mwaka 1983 ambazo bado zinafanya kazi hadi leo.

Kwa mkazi wa Wambaa, shehia iliyoko katika wilaya ya Mkoani, magharibi mwa kisiwa cha Pemba, jambo hilo lina uzito wa pekee. Upepo wa bahari huingia hadi ndani ya nyumba, mvua za masika na vuli huacha unyevu ukutani, na mwenye kutafuta kipuri hulazimika kwenda Chake Chake au kuvuka bahari hadi Unguja. Katika mazingira hayo, kuilinda mashine ni rahisi zaidi kuliko kuitengeneza.

Zilivyoenea

Kampuni ya Nintendo ya Japani iliingiza sokoni mashine yake iitwayo Famicom Julai 15, 1983, kwa bei ya yeni 14,800. Mwaka 1985 mashine hiyo, ikiwa katika umbo jingine, ilianza kuuzwa Marekani kwa jina la NES. Utengenezaji wa Famicom ulipositishwa mwaka 2003, mashine hizo mbili kwa pamoja zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 61 duniani.

Hata hivyo, wengi katika Afrika Mashariki hawakuifahamu Famicom halisi. Walichokijua ni nakala zake zilizotengenezwa Taiwan na China, zilizouzwa kwa majina na maumbo mbalimbali. Mashine hizo zilichomekwa kwenye tundu la antena la televisheni, na kaseti yake moja ilijinadi kuwa na mamia au maelfu ya michezo, ingawa mingi ilikuwa ile ile iliyorudiwa kwa majina tofauti.

Zanzibar ilikuwa na msingi wa kuzipokea mashine za aina hiyo mapema. Televisheni ya rangi ilianza kurushwa visiwani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 kupata kituo chake cha kwanza.

Baadaye zikaja mashine za Sony zinazotumia diski. PlayStation ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994, na PlayStation 2 ikafuata Machi 2000. Hiyo ya pili iliuzwa zaidi ya milioni 150 kabla ya utengenezaji wake kukoma mwanzoni mwa mwaka 2013, na ndiyo iliyotawala mabanda mengi ya gemu katika miji ya Afrika Mashariki.

Umeme usiolingana

Adui wa kwanza ni umeme. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230. Japani hutumia volti 100 na Marekani volti 120. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani ikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya Pemba hupokea zaidi ya mara mbili ya umeme inaoustahimili. Adapta yake hupata moto, waya zake za ndani huungua, na wakati mwingine nyumba nzima huwa hatarini.

Ndiyo maana asili ya mashine iliyotumika ni jambo la kuulizwa kabla ya bei. Iliyotoka Uingereza, Oman au Falme za Kiarabu kwa kawaida hulingana na umeme wa hapa, na hata plagi yake ya miguu mitatu ya mraba ni ile ile. Iliyotoka Japani au Marekani huhitaji transfoma ya kushusha umeme, isipokuwa kama kibandiko chake kimeandikwa kuwa inapokea volti 100 hadi 240.

Tatizo la pili ni adapta zinazofanana kwa umbo lakini si kwa kazi. Famicom huhitaji volti 10 za umeme wa mkondo mmoja, na pini ya katikati ya plagi yake ni hasi. NES ya Marekani huja na adapta ya volti 9 inayotoa umeme wa mkondo geu. Plagi ya adapta hiyo huingia katika Famicom bila shida, lakini inaweza kuiua mara tu swichi inapowashwa. Vilevile Mega Drive ya kwanza ya Sega ina pini hasi katikati, ilhali Mega Drive 2 ina pini chanya.

Kwa hiyo mwenye kununua adapta mpya anapaswa kulinganisha mambo manne: volti, aina ya mkondo, kiwango cha ampea, na alama inayoonyesha kama katikati ya plagi ni chanya au hasi. Ampea za adapta zikizidi zile zinazohitajika hakuna madhara. Volti zikizidi, madhara yapo.

Historia ya umeme wa Pemba nayo ina nafasi yake katika suala hili. Hadi mwaka 2010 kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli yaliyokuwa Wesha, karibu na Chake Chake. Mwaka huo ndipo waya wa baharini wa kilovolti 33 kutoka Tanga, wenye uwezo wa megawati 25 na uliojengwa kwa msaada wa Norway, ulipoanza kukiunganisha kisiwa na gridi ya Taifa.

Lakini umeme wa aina yoyote unapokatika na kurudi kwa ghafla, huweza kuja na msukumo mkubwa kuliko kawaida. Adapta za kizamani zenye transfoma nzito hazina kinga ya maana dhidi ya msukumo huo. Volti zikipanda ukutani, hupanda pia upande wa mashine. Dawa yake ni rahisi: umeme unapokatika, chomoa adapta, na usiirudishe hadi umeme utulie. Kifaa cha kulinda umeme, kama kile kinachowekwa kwenye friji, husaidia pia.

Chumvi isiyoonekana

Adui wa pili ni chumvi. Upepo wa bahari hubeba chembechembe za chumvi zisizoonekana kwa macho. Zikitua juu ya bodi ya mashine huvuta unyevu wa hewani, na mchanganyiko huo hupitisha umeme. Matokeo yake ni kutu ya kijani juu ya shaba, na njia za umeme zisizotakiwa kati ya sehemu moja na nyingine.

Sehemu inayoumia kwanza ni pale kaseti inapokutana na mashine. Kaseti ya Famicom ina meno 60 ya kupitisha umeme, na ya NES ina 72. Jino moja tu likishikwa na kutu, picha hujaa vipande vipande au skrini hubaki na rangi moja.

Hapa ndipo ilipozaliwa desturi iliyoenea dunia nzima: kuichomoa kaseti na kuipuliza kwa mdomo. Desturi hiyo hudhuru. Kinachofanya kaseti ikubali baada ya kupulizwa mara nyingi ni kule kuchomolewa na kurudishwa, ambako huyasugua meno na kuyafanya yagusane vizuri. Pumzi yenyewe huongeza unyevu, na unyevu huongeza kutu. Nintendo yenyewe iliwaonya wateja wake wasifanye hivyo.

Njia sahihi ni pamba iliyochovywa kidogo katika spiriti safi ya kusafishia vifaa vya elektroniki, ikipitishwa juu ya meno hadi pamba itoke bila uchafu, kisha kaseti iachwe ikauke kabisa. Msasa usitumike. Meno ya kaseti nyingi halisi yana tabaka jembamba sana la dhahabu linalozuia kutu, na likishakwanguliwa halirudi.

Joto na umri

Adui wa tatu ni unyevu unaoambatana na joto. Ndani ya kila mashine kuna kapasita, vifaa vidogo vya umbo la kopo vinavyotuliza umeme. Nyingi zina majimaji ndani yake, na majimaji hayo hukauka au kuvuja kadiri miaka inavyopita. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kapasita hupungua kwa takriban nusu.

Dalili zake ni mlio wa kukoroma katika sauti, mistari inayopanda na kushuka kwenye picha, au mashine kujizima baada ya dakika chache. Fundi mwenye chuma cha kulehemu anaweza kuzibadilisha, mradi azingatie volti zilizoandikwa na upande wa hasi.

Kwa nakala za bei nafuu kuna mpaka. Nyingi zina ubongo uliofunikwa kwa doa jeusi la gundi ngumu badala ya chipu inayoweza kung'olewa. Ubongo huo ukifa, hakuna fundi atakayeufufua. Lakini pedi, waya, swichi na adapta za nakala hizo zinatengenezeka.

Baadhi ya kaseti halisi zina betri ndogo ya duara ndani yake, inayohifadhi hatua aliyofikia mchezaji. The Legend of Zelda ya NES ni mfano mmoja. Betri ikiisha, kumbukumbu hufutika, lakini mchezo wenyewe hubaki. Memori kadi za PlayStation hazina tatizo hilo, kwa kuwa hazihitaji betri kuhifadhi kumbukumbu.

Televisheni ya kichogo

Kifaa kinachopotea kwa haraka zaidi si mashine bali ni televisheni ya kichogo. Baada ya Tanzania kuanza kuzima mitambo ya analojia Desemba 31, 2012, televisheni hizo zilionekana hazina kazi, na nyingi zikatupwa. Hata hivyo, mashine ya gemu haihitaji kituo cha kurusha matangazo. Hutoa mawimbi yake yenyewe kupitia waya.

Zaidi ya hayo, baadhi ya vifaa havifanyi kazi bila televisheni hizo. Bunduki ya mwanga ni mfano ulio wazi. Anapofyatua mchezaji, skrini huwa nyeusi kwa kitambo kifupi sana, kisha mahali alipo ndege hutokea mraba mweupe. Jicho lililo ndani ya mtutu huangalia kama limeuona mweupe huo kwa wakati uliopangwa. Televisheni bapa huchelewesha picha kidogo, na kuchelewa huko kunatosha kuifanya bunduki isione chochote.

Onyo moja ni la lazima. Televisheni ya kichogo hubeba maelfu ya volti ndani yake, na umeme huo huweza kubaki hata baada ya kuchomolewa ukutani. Asiye fundi asiifungue. Kioo chake kina madini ya risasi, hivyo kukivunjia kwenye jaa la kijiji au ufukweni ni kuitia sumu ardhi.

Thamani yake

Habari za minada ya nje zimewafanya wengine waamini kwamba kila kaseti kongwe ni hazina. Ni kweli kwamba Julai 2021 kaseti ya Super Mario 64 iliuzwa Marekani kwa dola milioni 1.56. Lakini kaseti hiyo haikuwahi kufunguliwa tangu ilipotoka kiwandani. Nakala ya Famicom iliyochezewa na watoto wa mtaa mzima haitamtajirisha mtu.

Thamani yake iko kwingine. Mwaka 2023, taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyowahi kuuzwa nchini humo haipatikani tena madukani. Michezo hiyo imebaki katika kaseti, diski na mashine zilizo mikononi mwa watu. Nakala za Kichina zilizoenea Afrika hazijapewa hata uangalizi huo mdogo. Zikitupwa, kizazi kijacho hakitajua kilichowakusanya wazazi wao mbele ya skrini moja.

Mwenye mashine ya aina hiyo Wambaa, au popote pengine katika pwani, ana mambo machache ya kufanya. Aihifadhi ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyopatikana ndani ya viatu vipya. Aiweke mbali na jua, linaloifanya plastiki kuwa ya njano. Atoe betri katika bunduki na pedi zisizo na waya. Aifunge adapta pamoja na mashine yake na kuandika juu yake kwa kalamu ni ya mashine ipi. Na aiwashe mara moja kila baada ya miezi michache, hasa baada ya masika.

Ikikataa kuwaka, fundi aanze na adapta, kisha meno ya kaseti, kisha kapasita. Vipimo hivyo vitatu havihitaji zaidi ya mita ya umeme, pamba na chuma cha kulehemu, na vifanywe kabla mashine haijapelekwa jalalani.